Shoti, engo, msuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya kuchambua filamu

Maswali haya yametoka kwa watu ninaotazama nao filamu kila Jumamosi: wanafunzi wa vyuo, walimu wa Kiswahili, vijana wanaopiga video za harusi na sasa wanataka kusimulia hadithi. Kila kundi jipya linakuja nayo, mara nyingi kwa maneno yaleyale.

Majibu mengi yanatumia mfano mmoja wa kubuni, tuuite filamu ya cherehani. Mama Idi ni fundi wa nguo. Amekwenda msibani Tanga kwa siku tatu, na huku nyuma mwanawe Idi ameiuza cherehani yake kwa siri. Usiku wa siku ya tatu mama anarudi. Umeme umekatika. Anaingia sebuleni akipapasa ukuta.

## Mwanzo kabisa

1. Filamu, sinema, muvi, tamthilia: ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kawaida watu huyachanganya na wanaelewana. Katika uchambuzi, tumia *filamu* kwa kazi yenyewe. *Sinema* ni neno la wazee wetu, lililobeba jengo pamoja na kilichoonyeshwa ndani yake, na leo linafaa zaidi kwa sanaa nzima au kwa ukumbi. *Muvi* ni neno la mtaani, ndilo lililozaa jina Bongo Muvi. *Tamthilia* ya televisheni huja kwa vipande na misimu, na hilo hubadilisha namna kisa kinavyogawanywa. Inayohusu watu na matukio halisi huitwa *filamu ya makala*.

2. Mimi nilisoma fasihi tu. Nianze upya?

Hapana. Nusu ya msamiati unayo tayari. Mhusika, mandhari, mgogoro, kilele, dhamira, taharuki, kisengerenyuma (ukipenda, mbinu rejeshi): yote uliyasoma kwenye riwaya na tamthiliya, na yote yanafanya kazi kwenye filamu. Na kama ulikulia karibu na kibanda cha video, neno *steringi* ulilijua kabla ya kulijua *mhusika mkuu*.

Usichokuwa nacho ni maneno ya vitu ambavyo riwaya haina: kamera imewekwa wapi, picha imekatwa lini, sauti inatoka upande gani. Hayo ndiyo ya kujifunza, na si mengi. Maneno 20 ukiyamiliki vizuri unaweza kuongea juu ya filamu yoyote.

3. Fremu, shoti, sini, sikwensi: kipi kikubwa kuliko kipi?

*Fremu* ni picha moja iliyosimama. Filamu za sinema kwa kawaida hupita fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Neno hilohilo hutumika pia kwa mipaka ya picha, ndiyo maana tunasema mtu "ametoka nje ya fremu".

*Shoti* ni kipande kisichokatwa, tangu picha inapoanza mpaka inapobadilishwa na nyingine. *Sini* ni shoti zinazokaa mahali pamoja na wakati mmoja. Kwenye tamthiliya ya jukwaani tungesema onyesho. *Sikwensi* ni sini kadhaa zinazokamilisha jambo moja kubwa. Kwetu, mkono wa mama ukipapasa ukuta ni shoti. Yote yanayotokea sebuleni usiku ule ni sini. Safari yake kutoka stendi, kwa bodaboda, hadi sebuleni ni sikwensi.

Ndugu Lumière walipoonyesha filamu zao Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila filamu ilikuwa shoti moja isiyofika dakika, na kamera haikusogea. Siku ile shoti na filamu vilikuwa kitu kimoja. Maneno yalilazimika kuzaliwa pale watu walipoanza kuunganisha shoti.

4. Na "teki" je?

Teki ni jaribio. Shoti ileile ikipigwa mara tano, ni teki tano, na mhariri atachagua moja. Anayetazama filamu haoni teki, kwa hiyo usiitumie kwenye uchambuzi.

5. Nikiandika "mwongozaji ametumia mwanga hafifu", si kazi ya mpigapicha hiyo?

Mwanga na lenzi ni mikononi mwa mpigapicha mkuu, ukataji ni wa mhariri, maneno ni ya mwandishi wa skripti, na prodyuza ndiye anayehakikisha kuna pesa na ratiba. Mwongozaji huamua vyote vielekee wapi. Kuandika "mwongozaji" kama kifupi cha wote kunakubalika. Mimi napendelea "filamu inatumia", kwa sababu hujui ndani ya chumba kile nani alitoa wazo.

## Kamera na vilivyomo ndani ya fremu

6. Shoti pana, ya kati na ya karibu zinapimwaje?

Zinapimwa kwa mwili wa mtu. Shoti pana humwonyesha mtu mzima na mahali alipo. Shoti ya kati humkata kiunoni hivi. Shoti ya karibu, wenye kazi yao wanaita klozapu, hujaza fremu kwa uso au kwa kitu kimoja: kufuli, simu inayoita, sindano.

Kipimo hakina maana mpaka ukiangalie na jirani zake. Klozapu moja baada ya shoti pana kumi hupiga kama mtu aliyekushika bega. Klozapu ya 40 katika tamthilia ambayo kila anayeongea anapewa klozapu haipigi kitu.

7. Nimeiona klozapu. Sasa niandike nini?

Hili ndilo swali ninalolingoja, maana hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Mwanafunzi ataandika: "Mwongozaji ametumia klozapu, engo ya juu na mwanga hafifu." Hiyo ni orodha ya vifaa. Ni sawa na kusema fundi alitumia nyundo na msumari bila kutaja kama alitengeneza kiti au jeneza.

Andika mambo matatu kwa pumzi moja: unachokiona, kinakuja baada ya nini, na kinampa mtazamaji nini ambacho dakika iliyopita hakuwa nacho. Tuchukue sebule ya Mama Idi. Anawasha tochi ya simu. Mwanga unapita kochi, unapita meza, unafika kwenye kona na kusimama. Klozapu: sakafu ya saruji yenye alama nne za weupe, pale miguu ya cherehani iliposimama miaka yote, na kipande cha uzi mwekundu. Uso wa mama hatuuoni.

Sasa andika hivi: "Baada ya shoti pana za giza, klozapu ya alama nne inatuonyesha wizi kwa pengo badala ya kwa kitu. Kwa kuwa uso wa mama umefichwa, tunabaki na alama zile kwa muda uleule anaobaki nazo yeye, na tunahesabu miaka ya kazi iliyoziacha." Neno klozapu limetajwa mara moja tu. Limetosha.

8. Kamera ikiwa chini, mhusika ana nguvu. Ikiwa juu, ni mnyonge. Ni sheria?

Ni mazoea. Mara nyingi kamera inayomtazama mtu kutoka chini humkuza, na ya kutoka juu humdogosha, lakini lazima uulize engo ile, yaani pembe ya kamera, ni ya macho ya nani. Idi akiwa amekaa sakafuni, mama akapigwa kutoka usawa wa macho ya Idi, mama ataonekana mkubwa mno. Kilichoongezeka pale ni hofu ya Idi. Nguvu ya mama ni ileile.

Yasujirō Ozu wa Japani aliweka kamera chini karibu filamu nzima, kwenye usawa wa mtu aliyeketi mkekani. Hakuwa akimtukuza yeyote. Watu wa nyumba zile walikaa chini, na kamera ilikaa nao. Sisi tuliokula sinia moja mkekani tunauelewa urefu huo mara moja.

9. Zumu na kusogeza kamera ni tofauti gani? Mbona vyote vinaleta kitu karibu?

Angalia kilicho nyuma ya mtu. Ukizumu, lenzi inavuta na kamera haijaondoka. Ukuta wa nyuma unakua pamoja na uso, kama vile vimebandikwa. Ukisogeza kamera yenyewe, iwe juu ya reli, magurudumu au miguu ya mpigapicha, vitu vya karibu vinapita pembeni na unahisi unaingia chumbani. Alfred Hitchcock alivitumia vyote viwili kwa pamoja katika *Vertigo* ya 1958, kimoja kikipinga kingine, na ngazi za mnara zikaonekana kurefuka kwenda chini. Ni kizunguzungu cha mhusika, kimetengenezwa kwa lenzi.

*Pani* ni kamera kugeuka kushoto au kulia ikiwa palepale. *Tilti* ni kuinua au kuinamisha.

10. Vitu vya sebuleni navyo ni mbinu?

Ndiyo. Samani, nguo, rangi, mwanga, na nani amesimama wapi: vyote vimepangwa, hata kama nyumba ni ya kukodi na kochi lilikuwamo. Mtu aliyeamua kutoliondoa ameamua. Ila usilazimishe kila kikombe kiwe ishara. Kitu huwa ishara pale filamu inapokirudia, inapokipa muda, au inapokiondoa, kama ilivyofanya kwa cherehani (swali la 7).

## Kukata na kuunganisha

11. Kuhariri si kuondoa makosa tu?

Kuondoa makosa ndiyo sehemu ndogo. Takriban miaka 100 iliyopita Lev Kuleshov, Mrusi, alichukua shoti moja ya uso wa mwigizaji, uso mtulivu usioonyesha kitu, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na mtoto ndani ya jeneza, kisha na mwanamke kwenye kochi. Watazamaji waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa. Uso ulikuwa uleule. Maana ilizaliwa katikati ya shoti mbili, mahali ambapo hakuna picha yoyote.

Jaribu mwenyewe kwa simu. Piga uso wa rafiki yako kwa sekunde nne, kisha ubadilishe tu kinachofuata. Nimefanya hivi na vikundi vingi na kila mara kuna mtu anayeapa kwamba uso ulibadilika.

12. Mstari wa nyuzi 180 ni nini? Nimeelezwa mara tatu na bado sijaelewa.

Fikiria mechi ya Simba na Yanga kwenye televisheni. Kamera kuu ziko upande mmoja wa uwanja, ndiyo maana kipindi kizima cha kwanza Simba wanashambulia kuelekea kulia. Ghafla picha ikitoka upande wa pili, utaona wanakimbilia goli lao wenyewe.

Mazungumzo ya watu wawili ni hivyohivyo. Chora mstari wa kufikirika kati ya mama na Idi, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Mama atatazama kulia daima, Idi kushoto, na tutahisi wanatazamana. Ukiuvuka, wote wawili wataonekana wanamtazama mtu wa tatu asiyekuwapo.

Filamu nzuri huuvuka. Ozu (swali la 8) aliuvuka bila wasiwasi, na wengine huuvuka pale pale uhusiano unapovunjika. Ukiona umevukwa, uliza kwanza kilichotokea kati ya wahusika kabla ya kuandika "kosa".

13. Filamu inarukaje miaka bila kutuambia?

Kwa kuacha. Sini moja inaisha mama amekaa mbele ya alama nne, inayofuata Idi ana ndevu na anavuta mkokoteni. Kilichoachwa huitwa *mruko wa wakati*, na mtazamaji hukijaza mwenyewe. Zamani picha ilififia hadi giza, au ikayeyuka ndani ya nyingine, ili kukuandaa; siku hizi wengi hukata tu. Maandishi ya "Miaka mitano baadaye" ni halali, ila mara nyingi ndevu zingetosha.

## Sauti

14. Sauti ya ndani ya kisa na ya nje ya kisa zinatambuliwaje?

Uliza: mhusika anaisikia? Redio ya betri ya jirani inapiga taarabu, mama anaisikia: hiyo ni ya ndani. Vinanda vinaanza bila mpigaji yeyote, mama havisikii: ni vya nje.

Panaponoga ni mpakani. Taarabu ile ya jirani, nyembamba na yenye mikwaruzo, inaanza kujaa polepole mpaka inafunika kila kitu, mikwaruzo imekwisha, na sasa si redio tena. Wimbo umetoka dirishani ukaingia kifuani mwa mama. Ukisikia kuvuka kwa namna hii, simama na uandike. Mwongozaji amekuonyesha kwamba kuanzia hapo tunasikia kwa masikio ya mtu mmoja.

Na usisahau ukimya. Umeme ukikatika hata muungurumo wa friji unaondoka. Watengeneza sauti wanaujua sana muungurumo huo.

15. Sauti inayosimulia juu ya picha ni uvivu?

Inakuwa uvivu ikirudia tunachokiona. Katika *Borom Sarret* ya Ousmane Sembène, filamu fupi ya Senegal ya 1963, mwendesha mkokoteni anazunguka Dakar na tunasikia mawazo yake. Abiria wake hawayasikii. Picha inatupa mtu anayetii na kunyamaza, sauti inatupa mtu anayehesabu, anayelalamika, anayeogopa. Ukiiondoa sauti ile, nusu ya mtu huyo imeondoka. Hicho ndicho kipimo ninachotumia.

## Usimulizi

16. Kisa na msuko si jambo moja?

Kisa ni mambo yalivyotokea kwa mpangilio wa saa. Msuko, au ploti, ni mpangilio tunaoonyeshwa. Kisa chetu: Idi anadaiwa, anauza cherehani, mama anarudi. Msuko unaweza kuanza na alama nne sakafuni, kisha ukarudi nyuma. Kurudi huko ndiko kisengerenyuma.

Kabla ya kukisifu kisengerenyuma, jiulize ingekuwaje mambo yangefuatana kwa saa. Tukianza na deni, tunamhurumia Idi kabla hajafanya kitu. Tukianza na alama, tunamhukumu kwanza na huruma inakuja ikiwa imechelewa. Matukio ni yaleyale, kosa ni lilelile, ila sisi tumekuwa watu tofauti.

17. Taharuki na mshtuko vinatofautianaje?

Hitchcock alilieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanaongea, bomu linalipuka: umepata mshtuko wa sekunde chache. Lakini mtazamaji akijua bomu lipo na litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inasema saa saba kasorobo, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanakuwa robo saa ya taharuki.

Kwa hiyo taharuki inatokana na kujua. Mama anapopapasa ukuta, sisi tunaojua cherehani haipo tunateseka. Asiyejua anaona tu mtu anayetafuta tochi. Unapochambua, andika nani anajua nini na tangu lini. Kuna pia *fumbo*, pale mhusika anapojua zaidi kuliko sisi.

18. Steringi lazima awe mtu mwema? Na kwa nini hafi?

Kibandani steringi alikuwa mwema, mwenye nguvu, na hafi. Katika uchambuzi, mhusika mkuu ni yule ambaye haja yake inasukuma kisa. Idi ni mwizi wa mama yake na bado ndiye mhusika mkuu. Mpinzani naye si lazima awe adui mwenye kovu. Ni yeyote au chochote kinachoizuia haja hiyo. Hapa mpinzani mkubwa ni deni.

Mazoea ya "steringi hafi" ni mkataba kati ya aina fulani ya filamu na watazamaji wake. Filamu ikimuua steringi katikati, imevunja mkataba kwa makusudi, na ndipo uchambuzi wako uanzie.

19. Filamu imeisha ghafla bila jibu. Imekosewa?

Angalia kama swali liliulizwa sawasawa. *Borom Sarret* inaishia nyumbani: mwendesha mkokoteni amerudi bila mkokoteni na bila pesa, mkewe anamwachia mtoto na kutoka, akiahidi kwamba watakula. Hatuambiwi anakwenda wapi. Lakini tumeshaona mji mzima usivyowapa kitu watu hawa, kwa hiyo kila jibu tunalolifikiria linauma. Huo ni *mwisho wazi*. Mwisho uliokatika tu ni ule ambao hatuna hata cha kuogopa.

## Mambo ya pembeni

20. Filamu imetokana na riwaya. Niorodheshe walivyoviacha?

Orodha hiyo haifiki mbali, maana riwaya ya kurasa mia kadhaa haitaingia dakika 90 ikiwa nzima. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Riwaya inaweza kuingia moyoni mwa Yasmin na kutwambia anavyojisikia kuozwa Bwana Raza, mzee wa kumzidi mbali. Kamera haina mlango huo. Inabidi itafute uso, umbali kati ya watu wawili chumbani, taa, mlango. Chagua hisia moja ambayo kitabu kimeitaja kwa maneno, kisha utafute filamu imeiweka wapi.

21. Niandike "shoti" au nitafute Kiswahili sanifu?

Andika neno ambalo wanaopiga filamu wanalisema, liendeleze Kiswahili, na ulishike hadi mwisho. Shoti, engo, fremu na zumu zimeshazoea viambishi vyetu: shoti zake, engo hii, amezumu. Palipo na neno la fasihi linalotosha, kama taharuki au kilele, sioni haja ya kuazima.

22. Filamu niliyoitazama imetafsiriwa na DJ. Ninachambua nini hapo?

Unachambua kazi mbili. Ya kwanza ni filamu yenyewe, shoti na ukataji wake. Ya pili ni usimulizi wa juu yake, kama ule wa Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, au wa maviijei wa Uganda. Huyu ni msimulizi wa nje ya kisa (swali la 14), ila yuko nje kuliko wote: waliotengeneza filamu hawakumjua.

Kawaida picha haigusi, ila anagusa kujua kwetu. Mhusika mgeni anaingia, filamu imemficha, na DJ anasema mapema, "Huyu mwangalieni, atamsaliti." Kwa sentensi hiyo moja ameugeuza mshtuko uliopangwa dakika 40 mbele kuwa taharuki (swali la 17). Kuanzia pale kila mara mgeni yule anapomwekea steringi mkono begani, kibanda kizima kinapiga kelele kumwonya, na steringi hasikii.